Figo za Bijou na Maziwa ya Wageni

Asubuhi tulipotoka Remera, mtaa wa hapa Kigali, hatukuwa na mpango wowote. Tulikuwa watatu: mimi na sufuria yangu ndani ya kikapu, bibi mmoja aliyevaa nguo zake za kanisani kama anakwenda kusimamia harusi, na mbwa mwenye figo mbovu. Bibi alishika kamba ya mbwa. Mimi sikuwa na cha kushika isipokuwa kikapu na hasira.

"Tunaenda wapi, Mukecuru?" nilimuuliza tulipofika kwenye lami. Hapa kwetu mwanamke mzee huitwa Mukecuru, kwa heshima, na yule sikuwahi kumwita jina lingine.

"Mahali hawanijui."

"Ndiyo wapi huko?"

"Weye si ndiye mtu wa kutembeatembea? Chagua."

Nitawaeleza tulifikaje hapo, vijana wangu, kwa sababu nyinyi mnaosafisha vizimba kwenye kliniki za mifugo, mnaolea mbwa wa watu, na mnaonitumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, hamnipi nafasi ya kupumzika. Nimestaafu. Maana yake nimeacha kupika, kuulizwa hakujakoma. Mnaniita Tantine, yaani shangazi, na simu inalia: "Tantine Josée, mbwa wangu ana saratani, nimpe jani gani?"

Hakuna jani. Ninasema tena, na huyu wa nyuma anayeandika kwenye simu naye asikie: hakuna jani. Kuna daktari, kuna dawa yake, kuna maji safi, kuna chakula kinachofaa ugonjwa ule na si ugonjwa mwingine, kuna pa kulala pasipo na baridi, na kuna watu wa nyumbani. Watu wa nyumbani ndio walionitia mvi.

Mimi si daktari. Shule niliiacha mapema kwa sababu malori yalipita mbele ya dirisha la darasa na nilitaka kujua yanakwenda wapi. Nikajua: yanakwenda mbali, na chakula cha njiani ni kibaya. Nimepikia wajenga barabara, nimeuza vitenge Bukavu, nimekaa Mwanza hadi nikawachosha, nimerudi Bujumbura nilikozaliwa, nikachoka mimi. Kigali nilikuja kumtembelea binamu, na binamu akawa amehama. Basi nikapata kazi katika kampuni moja ya ulinzi, jikoni. Sikuuliza jiko la nani. Lilikuwa la mbwa.

Mpishi mkuu pale alikuwa Mkongo mmoja tuliyemwita Papa Lebon, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza samaki. Siku ya kwanza sikugusa mwiko. Alinipitisha kizimba kwa kizimba ninuse vinywa vya mbwa.

"Huyu ananuka nini?"

"Mbwa," nikasema.

"Sogea, mama! Pua umeazima? Ananuka nini?"

Nikasogea. "Kama mkojo."

"Haya. Huyo usimpe nyama, usimpe hata pole. Mwite daktari kwanza."

Hilo ndilo somo langu la kwanza na bado ni zuri: kinywa cha mbwa kikinuka mkojo, figo zimechoka, uchafu unabaki kwenye damu. Akanifundisha pia kukunja ufizi kidogo kwa kidole kuona rangi yake, na kuvuta ngozi ya shingoni kuona kama inarudi haraka au inabaki imesimama kama hema, maana ikibaki hivyo mwili umekauka. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, tulizunguka kutazama kinyesi. Wasichana wa siku hizi mnakunja pua. Kunjeni, lakini tazameni. Mbwa hana mdomo wa kueleza. Anaeleza kwa huko.

Papa Lebon hakuwa mtu mpole. Mlinzi akileta masalia ya ubwabwa na mchuzi wa vitunguu, alimfukuza na mwiko hadi getini: "Huyu si pipa la taka! Wala si mtoto wa balozi! Ni mbwa!" Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, kibichi au kilichopikwa, hilo mlijue. Na vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi ni chumvi tupu. Nilikaa kwake hadi alipozeeka, kisha nikatoka, maana mimi kukaa sana kunaniwasha miguu. Kliniki zikaanza kuniita nyumbani kwa wateja wao: daktari anatibu, mimi ninapika na kumfundisha mtu wa nyumba ile kupika. Mwezi hapa, mwezi kule. Kazi ilinifaa.

Ikaja asili. Sijui nani aliileta mjini, lakini ghafla kila mtu alitaka chakula cha asili. Mimi nilidhani ndicho nilichokuwa nikipika miaka yote: kiazi kitamu, boga, mchele, yai, nyama unayojua imetoka wapi. Kumbe sivyo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye ghala la mabati kule Masoro, ana mbwa mkubwa kama ndama, amefanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, mshono haujakauka. Nikamkuta anamlisha matumbo mabichi ya machinjioni.

"Tantine, ndiyo asili yake. Babu yake alikuwa mbwa mwitu."

"Na babu yako alichunga ng'ombe," nikamwambia. "Mbona weye unauza mabati?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Mbwa mgonjwa wa saratani, tena ana mshono na anameza dawa kali, mwili wake hauna askari wa kutosha kupigana na vijidudu vya nyama mbichi. Moto nao ni asili. Chemsha. Na mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, inavunjika kama kioo na kutoboa utumbo. Siku chache baadaye yule bwana alinipigia simu kwamba mbwa anaharisha damu. Daktari alimwokoa, mimi nikampikia uji wa mchele mwepesi na kuku asiye na ngozi, na bwana yule hadi leo anawasimulia watu kuwa kilichomponya ni matumbo.

Mwingine alimnywesha mbwa mwenye ugonjwa wa ini maji ya mshubiri. Kwa nini? Kwa sababu ni machungu. Watu wa hapa wanaamini kila kitu kichungu ni dawa. Mbwa akahara mpaka akalala chini, na mwenyewe akanieleza kwa furaha kwamba uchafu unatoka. Baba wee, kilichokuwa kinatoka ni mbwa!

Sasa turudi Remera.

Ile nyumba ilikuwa ya Liliane, mwanamke wa ofisini aliyekulia Kampala, mkarimu, mwenye haraka, na simu yake haikutoka mkononi hata akipaka sabuni. Mukecuru alikuwa mama mkwe wake. Alikulia Burundi, sokoni, kwa hiyo mimi naye tulielewana kwa Kiswahili kilekile cha Bujumbura na tukatukanana vizuri. Mbwa alikuwa wa Mukecuru. Aliitwa Bijou, jike la rangi ya chai, sikio moja limeanguka. Marehemu mume wa Mukecuru alimleta nyumbani ndani ya koti, na tangu mzee huyo aondoke, Bijou alilala miguuni pa bibi, akatembea nyuma ya bibi, na bibi alipokula, mbwa alikula. Ndivyo walivyozoeana: sahani mbili, saa moja.

Daktari wa kliniki, dada mmoja makini asiyependa maneno mengi, alipima damu ya Bijou na kutuita wote watatu.

"Figo ziko vibaya. Dawa nimetoa. Chakula Tantine atapanga. Wiki ijayo ninapima tena. Uchafu kwenye damu ukishuka, tunaendelea. Ukipanda tena, naomba tusimtese."

Mukecuru aliuliza kutomtesa maana yake nini. Liliane akamweleza kwa sauti ya chini kuhusu sindano ya kumlaza asiamke tena. Mukecuru alijifunga kitenge upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

Nikapanga chakula. Nawaeleza kwa sababu najua mtaniuliza, lakini msikimbilie kumpa kila mbwa: huyu ni wa figo, na daktari wake alikubali kila kitu nilichotia. Wali mweupe uliolainika. Kiazi kitamu kilichochemshwa na maji yake kumwagwa. Boga kidogo. Ute wa yai uliochemshwa, kiini nakitoa, kwa sababu figo zilizochoka hazitaki ile fosforasi iliyomo kwenye kiini, kwenye mifupa, kwenye maini, kwenye dagaa na kwenye maziwa. Nyama kidogo sana, laini, na mafuta kidogo juu yake apate nguvu. Chumvi hakuna. Maji kila mahali, bakuli tatu, maana mbwa wa figo anakunywa kama lori. Chakula kiwe na uvuguvugu kama mkono wako, kwa sababu mgonjwa anakula kwa pua kabla ya ulimi, na kilichopoa hakinuki. Kidogokidogo mara nyingi, si mlima mmoja.

Na upole, enyi watu! Wanaosema matunzo ya mwili mzima wanadhani ni mafuta ya kupaka na muziki. Ni kumpangusa mdomo, kumgeuza ubavu, kumtoa nje akojoe bila kumkemea kwa kuwa amechelewa. Hayo Mukecuru aliyafanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Lakini mbwa hakula.

Asubuhi ninaweka bakuli, ananusa, anageuza uso. Mchana vilevile. Anatapika maji meupe. Nikabadilisha kiazi nikaweka mchele mwingi. Nikapaka mafuta kidogo puani. Nikamlisha kwa kidole. Akanilamba kidole kwa adabu, akalala. Mukecuru anakaa pembeni na sahani yake mapajani, anamtazama, kisha anaisukuma sahani.

"Kula, Mukecuru."

"Atakula kwanza huyo."

Kwa hiyo nilikuwa na wagonjwa wawili, na daktari alinipa mmoja.

Kwanza nilimshuku Faustin, mlinzi wa lango. Nilikuta mfupa wa mbuzi nyuma ya kibanda chake.

"Faustin, huu mfupa?"

"Wangu, Tantine. Brosheti ya jana, mishikaki ya mbuzi."

"Mbona una alama za meno ya mbwa?"

Akatazama mfupa, akatazama mbingu. "Nilimpa kidogo tu. Alikuwa ananiangalia."

Nikamgombeza mpaka akavua kofia. Halafu nikamkuta Liliane amepiga magoti sebuleni na viatu vyake vya ofisini, anampa mbwa biskuti. "Tantine, ni kidogo tu, na imeandikwa asilia." Nikamnyang'anya. Wanangu, neno "kidogo" limeua mbwa wengi kuliko magari. Kila mtu katika nyumba anatoa kidogo, na kila mtu anadhani yeye ndiye peke yake. Mbwa ana tumbo moja. Mkifika kwenye nyumba yenye mbwa mgonjwa, kabla hamjawasha moto, kusanyeni watu wote, mpaka mlinzi, mpaka anayeleta mkaa, na muulize: nani anatoa nini? Watakataa. Ulizeni tena.

Basi mfupa ukakoma, biskuti zikakoma, na Bijou bado hakula. Karibu nikubali kwamba ugonjwa umeshinda. Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, niliondoka mapema kwa sababu sikutaka kuitazama ile bakuli tena. Nikafika kituo cha basi nikakumbuka mfuniko wa sufuria. Nikarudi.

Sebule ilikuwa imejaa wanawake. Kikundi cha sala cha Mukecuru, wamevaa vizuri, wanaimba kwa sauti ya chini, na mezani zimepangwa thamosi kama askari: maziwa, maziwa mgando, uji wa mtama wenye maziwa. Mukecuru ameketi katikati, shali mabegani, anashukuru kwa sauti dhaifu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mungu akuponye tumbo, Mukecuru."

"Amina, wanangu."

Tumbo? Nikajibanza kwenye mlango wa jikoni. Wakatoka, wakaagana nje kwa muda mrefu kama kawaida yetu. Mukecuru akainuka bila udhaifu wowote, akachukua thamosi ya kwanza, akamimina kwenye sahani pana chini ya meza. Bijou alitoka nyuma ya kochi, mkia unapiga. Akanywa yote. Alipoinua kichwa, ndevu zake zilikuwa nyeupe, nami nikaelewa kwa nini nilikuwa nikiona maji meupe.

"Mukecuru! Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nimeletewa maziwa. Niyamwage?"

"Unywe weye!"

"Sina hamu. Nitakunywaje na huyu hali?"

"Hali kwa sababu ameshiba maziwa! Wanakuletea kwa sababu huli, weye huli kwa sababu yeye hali, yeye hali kwa sababu unampa wanachokuletea! Mnazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kamba!"

Alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Lakini anayapenda," akasema. "Ndicho kitu pekee anachopenda."

"Daktari anapima damu wiki hii, Mukecuru."

Akakaa. Safari hii udhaifu ulikuwa wa kweli.

Nilimuuliza kwa nini aliwaambia watu kwamba anaumwa tumbo. Akasema wangemcheka: mwanamke mzima, mjane, anafunga kula kwa ajili ya mbwa. Katika mji huu wako watu wasiotaka mbwa awasogelee, na sababu zao, za yale waliyoyaona miaka ya mauaji, nazijua, siwabishii. Wengine kati yao walikuwa kwenye kile kikundi. Basi walipoona anakonda, akataja tumbo, na sisi tukisikia mtu ana tumbo, tunafanya nini? Tunamtembelea. Na anayetembelea mgonjwa haji mikono mitupu. Na maziwa hayakataliwi. Ukikataa maziwa ya mtu umemkataa mwenyewe. Kila thamosi ilimfunga zaidi.

"Waambie ukweli," nikasema.

"Kesho wanakuja tena. Wote, na kwaya."

"Kwaya!"

"Wataniombea tumbo. Mama mmoja atachinja kuku."

Nilikaa chini karibu na mbwa. Nimepigana na mifupa, na biskuti, na matumbo mabichi, na mshubiri. Kwaya sikuwahi.

Asubuhi ile ya Jumapili nilikuja mapema kuliko jua, nikiwa tayari kumfungia Bijou chumbani. Nikamkuta Mukecuru langoni, amevaa vile nilivyowaambia, kamba mkononi, Faustin akimfungulia kwa uso wa mtu anayetorosha mfungwa.

"Sufuria yako iko wapi?" akaniuliza.

"Kikapuni."

"Twende."

Basi mmeshajua: lami, na swali la wapi, na yeye kuniambia nichague. Nikachagua mashariki, kwa sababu ndiko barabara inakoteremka na magoti yake ni mabovu. Mabasi ya abiria yalimtazama Bijou yakafunga milango. Dereva wa teksi alisema atampeleka bibi, atanipeleka mimi, mbwa aende kwa miguu. Mukecuru akamwuliza kwao alilelewa na nani. Tukaendelea kutembea hadi Bijou alipolala chini kando ya barabara na kukataa kuinuka.

Gari lililosimama lilikuwa pikapu iliyokuwa ikirudi mashariki. Kijana mwenyewe alikuwa mcheshi: "Panda, Mukecuru, na huyo mwana wako!" Nikashukuru, nikamnyanyua mbwa nikampakia nyuma, nikapanda naye. Kisha nikatazama nimekaa juu ya nini. Madebe ya maziwa. Matupu, lakini si makavu. Katika magari yote ya mkoa huu Mungu alituletea la maziwa, na njia nzima, kutoka Remera hadi tukaipita Masoro na maghala yake, nilimshika mbwa mgonjwa shingoni huku akinyoosha ulimi kuelekea vifuniko kama mlevi anayepita mbele ya baa. Mbele, Mukecuru alikuwa akicheka na dereva. Nilimsikia kupitia kioo.

Simu yake ikalia. Akaiweka sauti juu kama wafanyavyo wazee, kwa hiyo hata mimi nilisikia.

"Maman! Uko wapi? Kwaya imejaa sebuleni! Kuku yuko jikoni anatembea!"

"Niko salama, Liliane. Niko na Tantine."

"Wana thamosi nyingi, Maman, niwaambie nini?"

"Waambie wanywe."

Akakata.

Kabuga nilikuwa nikiipita tu maisha yangu yote, nikienda mbele zaidi. Sikuwahi kushuka. Dereva alitushusha karibu na soko, na harufu ya kwanza ilikuwa mkaa na mananasi. Nilinunua kiazi kitamu, mayai na kipande cha boga kabla sijajua tutalala wapi, kwa sababu mbwa hangoji nyumba. Tukauliza vyumba. Wa kwanza alisema mbwa hapana. Wa pili alisema bibi hapana, akifa je? Nikamjibu nisiyoweza kuyasema hapa.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo anayeuza mkaa, uso una vumbi jeusi hadi kwenye kope. Alikuwa na chumba nyuma, sakafu ya saruji, dirisha moja linalotazama migomba. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mnatoka wapi?"

"Remera."

"Mnafuata nini huku?"

Nilifungua mdomo nitunge kitu, maana kutunga nimezoea. Mukecuru akanitangulia.

"Tuna mgonjwa."

"Pole, mama. Ni weye?"

Wiki nzima tumbo la Mukecuru lilikuwa limembeba kwenye sala za watu.

"Si mimi," akasema. "Ni huyu mbwa. Anaumwa figo. Ni wangu."

Mama wa mkaa alimtazama Bijou, sikio lililoanguka, mbavu zinazohesabika. Nilisubiri kicheko. "Basi pole yake," akasema. "Ingieni, alale."

Nikawasha jiko uani. Kiazi, mchele niliobeba, boga, ute wa yai, mafuta kidogo. Nikapoza kwa mkono wangu hadi kikawa kama mkono wangu. Safari hii nilipika kingi, na nusu yake nikaitia chumvi na kiini cha yai nikampa Mukecuru sahani yake. Wakakaa mlangoni, sahani mbili. Bijou alinusa. Hapakuwa na kitu kingine tumboni mwake zaidi ya maji na njaa ya kawaida ya mbwa. Akaonja. Akainua kichwa, akamtazama bibi.

Mukecuru akatia tonge mdomoni.

Bijou akala.

Mtaniuliza alipona? Hakupona. Figo hazirudi, na yeyote atakayewaambia chakula changu kiliponya figo mwiteni mwongo, hata kama ni mimi. Daktari alipopima, uchafu ulikuwa umeshuka kiasi cha kuiweka sindano kando, na aliishi kule Kabuga hadi mvua zikapita na kurudi, akila, akinusa migomba, akimbwekea mama wa mkaa kila asubuhi kama vile hajawahi kumwona. Kwa mbwa wa figo huo ni utajiri. Mkitaka zaidi ya hapo mmekosea kazi.

Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Nilikuwa nasugua sufuria, nimechoka kuliko punda, nikijipongeza kimoyomoyo kwamba nimewatoa kwenye maziwa, ndipo mama wa mkaa akatokea pembeni mwa nyumba. Alikuwa amenawa uso. Mikononi ameshika kikombe kikubwa, kinafuka.

"Nimemletea mgonjwa," akasema, na akainama kumwekea Bijou.

Nilisimama na masizi mikononi. Nilitaka kupiga kelele. Kila mahali! Hata huku! Mkia wa Bijou ulikuwa umeanza kupiga sakafu.

Mukecuru alinyoosha mikono yote miwili akakipokea kikombe kabla hakijagusa chini.

"Asante sana, mwanangu," akasema. "Mgonjwa wetu hanywi maziwa."

Kisha akayanywa mwenyewe, taratibu, bila kupumzika, mbwa akimtazama koo likipanda na kushuka, mpaka akakiinamisha kikombe kutuonyesha kwamba ndani hamna kitu.